Bango la mita tatu ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe

SWALI

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi nauza udi, ubani, liwa, singo, dalia na marashi. Kwa muda mrefu nilikuwa nauzia nyumbani Magomeni, wateja wakiniagiza kwa simu, zaidi vipindi vya harusi na sikukuu. Mwaka huu nimepata frem Mji Mkongwe, chini ya nyumba ya ghorofa mbili, kwenye kichochoro kimoja kati ya Hurumzi na Kiponda. Kodi yake inaniuma, lakini nilijipa moyo kwamba wageni wanapita na wa mjini wanapita.

Tatizo langu ni bango. Nilikwenda kwa fundi, akanionesha sampuli, nikachagua la fleksi lenye fremu ya chuma na taa ndani ili usiku liwake. Urefu mita tatu, kimo mita moja. Chini rangi ya zambarau, juu jina la duka kwa herufi za dhahabu, pembeni picha ya chetezo kinachofuka moshi, na namba zangu mbili za simu. Bei laki saba, nusu nimeshalipa na bango limeshatengenezwa. Nilimuuliza fundi kama kuna ruhusa ya kuomba, akanijibu: "Leseni ya biashara si unayo? Basi yamekwisha."

Sasa siku aliyokuja shemeji yangu kupima ukuta, bi mkubwa anayeishi ghorofa ya kwanza akachungulia dirishani akaniambia, "Mwanangu, umekwenda kuuliza? Ukuta huu hautobolewi hivi hivi. Na mimi dirisha langu utaliziba." Kijana mmoja wa barazani naye akadakia kwamba kwa bango kama hilo UNESCO watatufuta kwenye orodha yao ya Urithi wa Dunia. Nikaona haya, nikamwambia shemeji asubiri. Mwenye nyumba mwenyewe yuko Maskati. Mpwa wake ndiye anayepokea kodi, nilipompigia alisema, "Fanya unavyotaka, mimi kodi tu."

Shemeji anasema tulitundike Ijumaa usiku. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, Jumatatu bango likishakuwa juu nani atapanda ngazi kulishusha? Wakija tunaomba radhi, tunalipa faini kidogo, maisha yanaendelea. Mume wangu anamuunga mkono, anasema tusipofanya hivyo pesa itakuwa imekwenda bure. Na kusema kweli milango michache kutoka kwangu lipo duka lenye bango kubwa linalowaka mpaka saa sita ya usiku, na mbele kidogo ukuta mzima umepakwa rangi ya kampuni. Mbona wao hawaguswi?

Naomba unishauri. Nitundike au nisitundike? Na nisipotundika, kwenye vichochoro vile mteja atanionaje?

Muuza Udi, Unguja


JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera kwa duka.

Usilitundike. Si Ijumaa usiku tu, bango hilo lisipande kwenye ukuta ule hata mchana wa Jumatano. Na la pili, ambalo nadhani shemeji hajaliona: hata kama kesho ungepewa ruhusa ya kulitundika, lisingekuletea mteja. Nitaanza na sheria, maana ndiyo inayokunyima usingizi, halafu nije kwenye ukuta na kwenye biashara, ambako ndiko kwenye maneno.

Fundi wako amechanganya mambo mawili. Leseni inakuruhusu kufanya biashara. Haisemi lolote kuhusu uso wa nyumba. Mji Mkongwe ni eneo la hifadhi, na kila kinachobadilisha sura ya jengo kwa nje, iwe mlango, dirisha, rangi, kiyoyozi au kibao cha duka, kinapitia kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hakijafanywa. Mamlaka hiyo iliundwa 1985, ikatungiwa sheria 1994, na sheria ikaandikwa upya 2010. Angalia hizo tarehe. Mji uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kwa hiyo habari ya kuomba ruhusa ilikuwepo hapa miaka mingi kabla ya UNESCO. Nasema hivi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba haya ni masharti ya wageni. Ni sheria yetu, imetungwa Zanzibar na inasimamiwa na watu wa Zanzibar.

Yule kijana wa barazani naye mtulize. Tangu orodha ile ianze, maeneo yaliyofutwa ni matatu: hifadhi ya choroa, mnyama wa jamii ya swala, kule Oman mwaka 2007, baada ya serikali kulipunguza eneo lake kwa asilimia 90, bonde la mto Elbe pale Dresden, Ujerumani, mwaka 2009, kwa sababu ya daraja, na bandari ya Liverpool mwaka 2021, kwa sababu ya majengo mapya ya ufukweni. Hakuna mji uliofutwa kwa kibao cha duka la udi. Kwa hiyo huo mzigo wa kuiponza Zanzibar nzima utue. Mzigo wako ni ukuta mmoja, na huo ni wa kweli.

Nyumba ile imejengwa kwa mawe ya matumbawe, yameshikanishwa kwa chokaa na udongo, juu yake lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo ni mnene lakini si mgumu kama unavyodhania. Unyevu unaingia na kutoka humo mwaka mzima, masika unalowa, kiangazi unakauka, na chokaa ndiyo inayouwezesha kupumua. Sasa mlete shemeji na drili yake. Jiwe la matumbawe halishiki plagi kama tofali la saruji, linamumunyuka. Alikusudia tundu la kidole, anapata tundu la ngumi. Atafanya nini? Atachanganya saruji azibe, maana ndiyo iliyopo kila duka la vifaa. Saruji haipitishi unyevu, basi maji yaliyokuwa yakitokea pale yanatafuta njia pembeni, na baada ya masika moja au mbili utaona lipu ya pembezoni inavimba na kubanduka vipande vipande. Fremu yako ya chuma nayo itashika kutu kwa hewa ya chumvi. Kutu huvimba, na ikivimba ndani ya ukuta hupasua. Tena nyuma ya fleksi upana wa mita tatu hapataona jua wala upepo, patakuwa kijani kwa ukungu. Bi mkubwa wa juu hajasoma uhandisi, lakini ameishi na ukuta ule na anazijua tabia zake.

Usidhani jengo la mawe halifi. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, ilisimama pale Forodhani kama mlima, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka mchana kweupe na kuua watu wawili. Haikuangushwa na bango, sitaki kukudanganya. Lakini kuta hizi hudhoofika polepole, kwa vitu vidogo vinavyorundikana miaka na miaka, na siku ya mwisho hazipigi hodi.

Tuje kwenye hesabu ya shemeji. Faini kidogo, anasema. Kwanza hiyo "kidogo" kaitoa wapi? Pili, faini siyo gharama yenyewe. Ukiamriwa kushusha, unashusha kwa pesa yako na unarudisha ukuta ulivyokuwa, na kurudisha maana yake ni fundi anayejua kazi ya chokaa, siyo kijana wa kupiga lipu ya saruji. Mafundi hao ni wachache na bei zao wanazijua. Tatu, mpangaji ni wewe, lakini ukuta ni wa mwenye nyumba. Akija kutoka Maskati akaukuta una matundu manane, ataangalia mkataba. Na nne, wewe ofisi ile bado unaihitaji. Kesho utataka kutengeneza mlango wa frem, keshokutwa kuweka kivuli, na jina lako litakuwa limeshaandikwa kwenye faili kwa wino mwekundu.

Wale wengine mbona hawaguswi? Swali hili naletewa na kila mwenye duka, na lina haki yake. Sheria ya vibao ikisimamiwa hapa na ikiachwa pale, anayeumia ni yule anayetii. Hilo nitalisema hadharani siku yoyote. Lakini kwako wewe halikusaidii. Hujui kama yule jirani ana kibali, hujui kama ameshaandikiwa barua, hujui kama anadaiwa. Unachokiona ni taa inawaka tu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, nawe hujui kama wembe haujafika mlangoni kwake. Na ule ukuta uliopakwa rangi ya kampuni, nakuonya mapema: watakuja na kwako. Watakuambia tunakupakia duka zima bure, na kibao juu, na mwamvuli wa mlangoni. Kataa. Rangi ya plastiki juu ya chokaa ni kuuvisha ukuta koti la mvua kwa ndani, na isitoshe duka lako la udi litageuka tangazo la vocha.

Sasa biashara. Hebu simama mlangoni kwako, nyosha mikono. Vichochoro vya upande ule baadhi yake ukinyosha mikono miwili unakaribia kugusa kuta zote mbili. Bango la mita tatu linasomwa na mtu aliye mbali, anayeweza kurudi nyuma akaliangalia, kama yale ya Darajani barabarani. Kichochoroni mtu hana pa kurudi nyuma. Anapita chini yake ubavuni, macho yako mbele, na bango lililolala sambamba na ukuta juu ya kichwa chake halimuingii kabisa machoni. Ungemlipa fundi laki saba ili usomwe na paka wa dirisha la jirani.

Kinachoonekana kichochoroni ni kibao kidogo kilichotoka nje ya ukuta, kinachomtazama mtu anayekuja. Anakiona tangu anakata kona. Cha mbao, maandishi pande zote mbili, kinaning'inia kwenye mkono wa chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, au shaba ukiweza. Uso wake hauhitaji kuwa mkubwa kuliko sinia la pilau. Mji wa Salzburg kule Austria una mtaa mmoja wa zamani, Getreidegasse, ambao maduka yake mengi yanatangazwa kwa vibao vya chuma cha kufuliwa vinavyoning'inia namna hiyo, na hata McDonald's walipofika pale walikubali kuitundika M yao ndani ya chuma cha nakshi kama wenzao. Watu wanapanda ndege kwenda kuupiga picha mtaa huo. Kampuni tajiri kama ile imeinama, sisi wenye vyetezo tutashindwa?

Lakini kibao cha kuning'inia kina adabu yake. Kiwe juu kiasi kwamba mtu aliyejitwika mzigo kichwani apite bila kuinama. Hamali na mkokoteni wake wapite. Na jambo ambalo mgeni hawezi kulifikiria ila sisi tunalijua: siku ya msiba, jeneza hupita mabegani kwenye kichochoro hicho hicho, watu wakipokezana, na usitake duka lako liwe ndilo lililomkwaza maiti wa watu. Pima kimo hicho kwanza, kimo cha jeneza juu ya mabega ya vijana warefu, halafu ongeza. Ndipo uende ukaulize Mamlaka wao wanataka kimo gani, ukubwa gani na kitoke nje kiasi gani, maana hayo yanategemea jengo lako na upana wa njia. Nyumba za Mji Mkongwe zimewekwa madaraja, na nyumba ya daraja la juu haiguswi kirahisi kama nyumba ya kawaida. Waulize yako imo daraja gani. Jibu hilo tu litakuokolea safari nyingi.

Mahali pa kukifunga pia pana maneno. Mara nyingi kwenye nyumba za zamani unakuta tundu la zamani, ndoano ya taa, au chuma cha kivuli kilichoondolewa. Tumia hapo hapo badala ya kutoboa upya. Kama hakuna, fremu ya mbao ya frem yako, ile ya kawaida iliyowekwa na wapangaji waliotangulia, ni bora kuliko ukuta. Lakini mlango wa nakshi hapana. Msumari mmoja usiingie kwenye mlango wa nakshi, hata uwe mdogo wa kutundikia "Karibu". Vizingiti vya milango ile vimechongwa maandishi ya Kiarabu, mara nyingi aya na mwaka wa kujengwa nyumba. Kwa maana hiyo nyumba ina kibao chake tayari, cha aliyekutangulia, na chako kikae pembeni kwa heshima.

Taa usiikose, ila isiwe ndani ya kibao. Weka balbu moja ndogo ya mwanga wa manjano ikimulika kibao kutoka juu. Waya upitishe ndani ya frem, usiuburute juu ya ukuta. Moto kwenye nyumba za boriti na mbao si mchezo, na waya za vichochoroni tayari zimejazana kama unavyoziona.

Maandishi punguza. Jina la duka, na chini yake "Udi na Marashi". Ukitaka Kiingereza weka neno moja au mawili, na Kiarabu kitapendeza, maana wageni wako wa kutoka Oman watakisoma kabla ya kingine. Namba za simu toa kabisa. Mtu aliyesimama mlangoni kwako hakupigii simu, anaingia. Namba zikae kwenye kadi anayoondoka nayo. Rangi yako ya zambarau, mimi binafsi siichukii, na ikikubaliwa itumie kwenye herufi. Nitasema na hili ingawa litawaudhi baadhi ya watu: siku hizi kila hoteli na kila duka la zawadi limeweka ubao wa kahawia wenye herufi za dhahabu, ule ule, mpaka unapita mtaa mzima hujui umeingia wapi. Kuhifadhi mji si kuuvisha sare. Mpe mchongaji wa hapa hapa mjini chetezo chako akichonge kwenye mbao, hiyo ndiyo picha uliyokuwa ukiitaka.

Halafu wewe una tangazo ambalo halihitaji kibali cha mtu. Unauza harufu! Baada ya alasiri, wageni wanapoanza kutoka hotelini na watu wanarudi kutoka makazini, weka chetezo ndani karibu na mlango, tia kipande cha udi mzuri, siyo cha bei rahisi chenye moshi wa kuchoma macho. Harufu ile itakata kona mbili kabla ya kibao chochote. Mwombe radhi bi mkubwa wa juu mapema, umpelekee na kifurushi, kwa sababu moshi utampandia yeye kwanza. Nadhani baada ya hapo atakuwa mtangazaji wako nambari moja. Wanawake wa rika lake wakikwambia fulani ana udi wa kweli, hakuna fleksi inayoshindana.

Kuhusu kupotea: ramani za simu huyumba sana kati ya kuta ndefu zile, kwa hiyo usitegemee alama ya ramani pekee. Rekodi ujumbe mfupi wa sauti, ueleze njia kwa vitu vinavyoonekana, msikiti upi, baraza ipi, mlango wa rangi gani, kushoto au kulia, uwe unawatumia wateja wako wa harusi. Tengeneza na wa Kiingereza. Watembeza wageni nao watakuja kutaka chao kwa kila mteja. Kubaliana nao mapema kwa uwazi au uwakatalie kwa uwazi, usiwaache njia panda. Na kama unaweza, uwe umeshakaa sawa kabla ya Februari, maana wiki ya tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe watu huzagaa vichochoroni mpaka usiku.

Laki tatu na nusu uliyolipa haijapotea. Fremu ya chuma na taa zina thamani, fundi anaweza kuzichukua na kukukata kwenye salio. Au lichukue bango ulitundike ndani, ukuta wa nyuma wa duka, kama litaenea, likiwa limesimama kwenye miguu yake na siyo kutobolewa ukutani. Mlango ukiwa wazi litaonekana kutoka nje, na picha za simu za wateja zitatoka nzuri. Uulize tu kama taa za ndani zinazomulika nje zina masharti. Maonesho ya biashara ya Januari, wakati wa sherehe za Mapinduzi, nayo yanafaa sana kwa bango kama hilo. Fundi mwenyewe mdai punguzo. Mtu anayetengeneza mabango mjini hapa, aliyeulizwa waziwazi habari ya ruhusa akajibu kwa kubahatisha, ana sehemu yake katika hasara hii. Mdai kwa upole lakini mdai.

La mwisho ni yule mpwa. "Fanya unavyotaka" ya kwenye simu haina uzito wowote, na mimi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko bango. Muulize kama ana uwakala wa maandishi kutoka kwa mjomba wake, na kama nyumba ni ya mjomba peke yake au ni mirathi ambayo haijagawanywa. Nyumba nyingi za mle zina warithi Unguja, Maskati, Dubai na Uingereza, na mmoja wao akija siku moja akasema hakukubali, wewe ndiye utakayekuwa umesimama mlangoni na kopo la rangi. Nyingine ni za wakfu, nazo zina utaratibu wake. Omba barua fupi yenye sahihi ya mwenye nyumba kwamba anaridhia kibao cha ukubwa fulani mahali fulani. Siku hizi barua ya Maskati inafika kwa simu chini ya saa moja.

Ukishaipata barua hiyo, piga picha ya uso wa nyumba mchana, ukiwa umesimama upande wa pili wa njia, na nyingine kutoka kila kona ya kichochoro. Mwombe mchongaji akuchoree kibao kwenye karatasi, vipimo, mbao gani, rangi gani, kinafungwaje na wapi, na taa iko wapi. Mpitie sheha wako, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wako, umjulishe, halafu peleka yote Mamlaka kabla hujampa mchongaji hata shilingi ya kwanza. Wakikurudishia na masahihisho usinune, waulize sababu, uandike. Waulize hapo hapo kama manispaa nao wana ada yao ya kibao, ili usije kulipishwa mlangoni na mtu usiyemjua. Kibali kikitoka toa kopi mbili, moja mtumie mwenye nyumba, moja weka dukani kwenye droo ya pesa, na kila risiti uliyopewa ibane hapo hapo pamoja nayo.